Samani za kisasa kutoka Dar es Salaam kwa nyumba ya Tanga

Mtu anayeishi Tanga na kutaka nyumba yake iwe na samani za kisasa hatimaye hupanda basi kwenda Dar es Salaam. Mafundi hodari wapo Ngamiani na Makorora, na maduka ya samani hayakosekani mjini kwetu, lakini wingi wa bidhaa, tofauti za mitindo na nafasi ya kulinganisha kitu na kitu kwa siku moja ni mambo yanayopatikana katika jiji ambalo Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi milioni 5.38. Tangu tulipohamia Sahare, hapa Tanga, nimekuwa nikiifanya safari hiyo kila likizo inaporuhusu, na katika mizunguko hiyo nimejiwekea swali ninalojiuliza mbele ya kila kiti, kabati na kitanda kabla sijauliza bei: kitu hiki kikilegea au kikivunjika, fundi wa Tanga ataweza kukifungua na kukitengeneza? Uzuri wa macho naupenda sana, na ninaweza kusimama muda mrefu mbele ya meza yenye mistari safi nikiitazama tu. Hata hivyo samani ni mali ya miaka mingi, na kabati lisiloweza kurekebishwa huwa limekwisha siku bawaba yake ya kwanza inapong'oka.

Nyumba ya pwani ina masharti yake. Hewa ya Sahare hubeba chumvi karibu mwaka mzima, iwe ni kusi inayovuma au kaskazi, na wakati wa masika nguo zilizofuliwa asubuhi huingizwa ndani jioni zikiwa bado mbichi. Hewa hiyo hiyo ndiyo inayopenya ndani ya kabati, chini ya kochi na kwenye kila kiungo cha kiti. Ubao hunywa unyevu ukatanuka, kisha hukauka ukasinyaa, na mabadiliko hayo hutokea kwa upana. Kwa urefu wake ubao haubadiliki kiasi cha kuonekana. Ndiyo maana meza pana iliyokazwa kwa skurubu pande zote, bila kuachiwa nafasi ya kujongea, hupasuka katikati, na mlango wa kabati uliofunga vizuri mwezi Februari hukwama mwezi Mei. Dar es Salaam nayo ni pwani, lakini maduka yake makubwa yana viyoyozi vinavyofanya kazi kutwa nzima, kwa hiyo kitu unachokiona pale kinang'aa hakijawahi kuvuta hewa kitakayoishi nayo.

Mimi huanzia Kariakoo, kwa sababu huko ndiko mtu anakojua bei ya chini ya kila kitu kabla hajaenda kwingine. Nikipita karibu na jengo la soko kuu huinua macho kulitazama paa lake la miavuli ya zege, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli iliyofunguliwa mwaka 1975. Jengo lile hunipa moyo, kwa kuwa linaonyesha kwamba Mtanzania alikwisha kubuni umbo jipya kabisa huku akilifikiria jua na mvua ya mahali pake, na hicho ndicho ninachokitafuta hata kwenye kiti cha kulia chakula.

Katika maduka ya mitaa ile, makabati ya nguo, meza za televisheni na rafu za vitabu huuzwa yakiwa yamelazwa ndani ya maboksi bapa, pamoja na mfuko wa skurubu na karatasi ya maelekezo. Wengi hudhani utaratibu huu ni wa juzi, kumbe una umri mkubwa. Mwaka 1859 Michael Thonet wa Vienna alitoa kiti chake namba 14, kilichotengenezwa kwa mbao zilizopindwa kwa mvuke, chenye vipande 6, skurubu 10 na nati 2, na viti 36 visivyounganishwa viliweza kuingia katika sanduku la mita moja ya ujazo tu. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1956, kampuni ya IKEA ya Uswidi ilianza kuuza samani za kuunganishwa na mnunuzi mwenyewe, na leo viwanda vya Foshan, kusini mwa China, husambaza samani za namna hiyo duniani kote. Wazo lenyewe nalipenda, kwani kitu kilichobuniwa ili kifunguliwe kinaweza pia kurekebishwa. Mguu ukivunjika, unafungua mguu. Huhitaji kuutupa mwili mzima.

Tatizo liko kwenye malighafi. Kiti cha Thonet kilikuwa cha mbao tupu, ilhali kabati la boksi aghalabu ni la MDF au la chipubodi, yaani nyuzi laini za mti au vipande vya maranda vilivyochanganywa na gundi, vikabanwa kwa moto na mgandamizo mkubwa, kisha vikavishwa karatasi ngumu yenye picha ya mbao. Ubao wa aina hiyo ni bapa kabisa, haupindi wala haupasuki kama ubao wa mti, na kwa kazi fulani una faida kubwa. Lakini maji yakiupata kwenye ukingo usiozibwa huvimba, na ukishavimba haurudi. Skurubu ikishachomoka, tundu lake husagika na halishiki tena. Sisi nyumba zetu tunazideki kwa maji kila siku, na kabati lililokaa moja kwa moja juu ya sakafu huanza kuvimba kuanzia chini, upande ambao hakuna anayeuangalia mpaka mlango uanze kukwaruza.

Kwa sababu hiyo, nikifika kwenye duka la Kariakoo namuomba muuzaji anionyeshe kabati la mfano lililokwisha kuunganishwa, nami huanza kwa kulizunguka nyuma. Naangalia kama ubao wa nyuma ni hadibodi nyembamba iliyopigiliwa pini au ni kitu cha maana kinacholizuia kabati lisiyumbe. Napitisha kidole kwenye kingo zote, hasa za chini na zile zilizojificha nyuma ya mlango, kuona kama zimevishwa utepe wa plastiki au zimeachwa wazi. Navuta mtoto wa meza mpaka mwisho ili nione reli yake ni ya chuma au ni ya plastiki. Kisha naangalia miguu. Kabati lililoinuliwa kutoka sakafuni kwa miguu ya chuma au ya plastiki ngumu, likawekwa chumba cha kulala kisicho na uvujaji, linaweza kukaa vizuri kwa muda mrefu hata Tanga. Kwa jikoni na kwa chumba kinachopakana na bafu, mimi silinunui kwa bei yoyote ile.

Upande wa Msasani na Masaki kuna maduka ya namna nyingine, ambako mgeni hukaribishwa kwa utulivu na hakuna anayetaja bei mpaka aulizwe. Nawashauri hata wasio na fedha za kununua huko waende, kwa adabu na wakiwa na daftari na futi ya kupimia, kwa maana ndiko kwa kujifunzia uwiano. Ukikaa kwenye kiti kizuri, muombe muuzaji ruhusa uupime urefu wake kutoka sakafuni. Utaona kwamba viti vingi vya kulia chakula vinavyomkaa mtu vizuri vina urefu wa sentimita 43 hadi 46, meza zake zina sentimita 74 hadi 76, na kila mlaji anatengewa upana wa sentimita 60 hivi. Namba hizi nazichukulia kuwa na thamani kuliko picha yoyote, kwa kuwa ukizifahamu unaweza kumweleza fundi yeyote, popote.

Katika duka mojawapo la huko nilikuta kiti cha bomba la chuma lililopindwa, kisicho na miguu ya nyuma, chenye mgongo na kikalio cha henzerani iliyosukwa. Umbo hilo ni la Marcel Breuer, aliyelibuni mwaka 1928. Breuer alisoma na kufundisha Bauhaus, shule ya usanifu iliyoanzishwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, na mwaka 1925 ndipo alipotengeneza kiti chake cha kwanza cha bomba la chuma, baada ya kuvutiwa na usukani wa baiskeli. Nilipokikalia kile kiti cha henzerani nilivikumbuka viti vya enzi vya pwani yetu, vile vya Lamu na Unguja, ambavyo mafundi wake walivisuka mgongo na kikalio kwa nyuzi za pamba ndani ya fremu ya mbao nyeusi. Mmoja alikuwa akitafuta wepesi katika nchi ya baridi, na wengine walikuwa wakitengeneza kiti cha heshima katika nchi ya joto, lakini wote waliacha hewa ipite kwenye mgongo wa mkaaji. Kwa sebule ya Tanga isiyo na kiyoyozi, sijaona jambo lenye busara zaidi ya hilo. Nyumba zetu zimejaa makochi ya mahameli yenye sponji nene, ambayo mgeni akiyakalia saa sita mchana huondoka amelowa jasho, wakati kiti cha kusukwa kinapendeza, ni chepesi kuhamishia barazani jioni, na kikichakaa kinasukwa upya. Wasukaji wa vitanda vya kamba bado wapo kwetu, na henzerani haiwashindi.

Bomba la chuma ndilo lililonitia wasiwasi, kwa sababu ya chumvi.

“Kaka, hiki ni chuma cha pua au ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu?” nilimuuliza kijana aliyekuwa akinihudumia.

“Ni chuma cha pua, dada. Hakishiki kutu kabisa.”

“Daraja gani? Mimi natoka Tanga, nyumba yangu iko jirani na bahari.”

Alikuwa kijana mkweli. Alisema hajui, akaenda kumuuliza msimamizi wake, na akarudi na jibu kwamba kilikuwa cha kromu. Nilimshukuru sana, kwani wengine hawaendi hata kuuliza. Kromu ni ngozi nyembamba juu ya chuma. Ikipata mkwaruzo mmoja, chumvi huingia chini yake na kutu huanza kuibandua kutoka ndani. Chuma cha pua chenyewe hakilingani: daraja la 201, ambalo ni la bei nafuu, limepunguzwa nikeli na hushika madoa ya kutu haraka katika hewa ya bahari, daraja la 304 ni bora zaidi, na daraja la 316, lililotiwa molibdeni, ndilo linalostahimili chumvi kuliko hayo mengine mawili. Kwa samani za ndani, 304 inatosha ikiwa unaifuta mara kwa mara kwa kitambaa chenye maji safi. Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya unga na kuokwa kiwandani nacho si kibaya, na kina sifa moja ambayo kromu haina: fundi wa kuchomelea wa Tanga anaweza kukikwangua, kukipiga msasa na kukipaka upya.

Hata hivyo, mahali ninapotumia muda mwingi kuliko pote ni Keko. Anayepita barabara ya Chang'ombe ataona makochi yamepangwa nje mpaka ukingoni mwa njia, vitanda vimesimamishwa wima, meza zinasubiri vanishi, na nyuma ya hayo yote karakana moja baada ya nyingine, zenye sauti ya randa za umeme na vumbi la maranda. Fundi wa Keko atakutengenezea karibu chochote utakachomwonyesha kwenye simu, iwe ni kochi la umbo la L, meza ya mviringo au kitanda chenye kichwa kilichotiwa vifungo. Uwezo huo ni hazina ya nchi, na nasikitika kila nikisikia mtu akividharau vitu vya Keko kwa sababu tu havikutoka nje.

Tahadhari yangu ni kuhusu picha. Picha haina kina wala urefu. Fundi anayepewa picha peke yake hulazimika kukisia, na akikisia atatumia vipimo alivyozoea, ambavyo huenda ni vya kochi kubwa la sebule ya ghorofani. Kochi lenye kikalio cha kina cha sentimita 70 linapendeza kwenye picha, lakini mama mkwe wangu, ambaye si mrefu, akilikalia miguu yake haigusi sakafu, na kuinuka kwake kunahitaji mkono wa mtu. Kina cha sentimita 55 hadi 60 kinawatosha watu wengi. Mimi hupima kwanza sebule yangu, nikachora kwenye karatasi milango na madirisha yake, nikaacha njia ya sentimita 90 anapopita mtu, ndipo ninapokwenda Keko na karatasi hiyo. Kipimo cha mwisho, ambacho wengi hukisahau, ni upana wa mlango wa mbele pamoja na kona ya korido.

Wifi yangu anayekaa Temeke ndiye hunisindikiza, naye ndiye bingwa wa kupatana bei. Yeye huanza na bei. Mimi huanza na mzee mmoja mwenye karakana iliyojificha nyuma ya zile za barabarani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mama. Karibu. Kochi la namna gani?”

“Naomba kwanza nione lile ambalo bado halijavalishwa kitambaa.”

“Kumbe mama anataka kuona mifupa,” akasema, akamwita kijana wake alivute moja nje.

Mifupa ya kochi ndiyo kochi lenyewe. Nilitazama kama mbao ni za mti mgumu au ni za paini na mlingoti zilizokatwa juzi na bado zina maji. Mbao mbichi huwa nzito isivyo kawaida na baridi ukizigusa, na misumari iliyopigwa humo hulegea zikikauka. Nilitazama kona, ambako panatakiwa kuwepo vibao vya pembetatu vilivyotiwa gundi na skurubu. Kochi lililopigwa misumari mitupu kwenye kona litaanza kulia ndani ya mwaka wa kwanza. Nilitazama kama chini ya kikalio kuna mikanda ya mpira au springi zilizofungwa barabara, au kama sponji imelazwa juu ya vipande vya maboksi, jambo ambalo pia hutokea. Sponji yenyewe huuzwa kwa uzito wa kila mita ya ujazo, na kwa kikalio kinachokaliwa kila siku mimi husisitiza kuanzia kilo 30 hivi. Ya chini ya hapo hubonyea mapema ikabaki shimo. Mzee yule alinionyesha kila kitu bila kusitasita, na akanieleza mwenyewe kwamba miguu ya makochi yake huikaza kwa boliti badala ya gundi, ili ukiuvunja mmoja upeleke kwa fundi yeyote mwenye mashine ya kukereza akuchongee mwingine. Ndipo nilipotoa malipo ya awali.

Kitambaa nilichagua cha pamba iliyochanganywa na poliesta, nikaomba kila mto uwe na zipu ili foronya ivuliwe na kufuliwa. Zipu huongeza gharama kidogo, na baadhi ya mafundi hawapendi kuziweka. Vumilia na usisitize. Tuliandika makubaliano kwenye karatasi: vipimo vyote, aina ya mbao, uzito wa sponji, rangi ya kitambaa, tarehe ya kukamilika, na haki yangu ya kuliona kochi kabla halijavalishwa.

Kuhusu vitanda niseme jambo moja tu, kwa sababu limewasumbua wengi ninaowajua. Magodoro yetu huuzwa kwa futi: tano kwa sita, sita kwa sita. Vitanda vingi vilivyoagizwa kutoka nje vimetengenezwa kwa sentimita 150 kwa 200, au 180 kwa 200. Futi sita ni sentimita 183. Ukinunua kitanda cha 180 kwa 200 na godoro la sita kwa sita, godoro litazidi upana kwa sentimita tatu na litapungua urefu kwa sentimita 17, na pengo hilo miguuni halizibwi na shuka lolote. Nunua kitanda na godoro pamoja, au mpe fundi vipimo vya godoro ulilonalo. Fikiria pia neti. Kitanda cha kisasa kisicho na nguzo kinahitaji ndoano ya darini au fremu ya kuninginizia, na ni vyema jambo hilo litatuliwe kabla kitanda hakijaingia ndani.

Baada ya kuzunguka kote huko, swali la mbao ndilo lililonirudisha Tanga. Wateja wa Keko huulizia mninga na mkongo, na wana haki, kwa kuwa ni mbao tulivu, zenye rangi nzuri, zisizoliwa ovyo na mchwa. Lakini miti hiyo hukua polepole katika misitu ya asili, na bei yake hupanda kadiri inavyopungua. Wakati huohuo, wilayani Muheza, mkoa wetu wa Tanga, lipo shamba la miti la Longuza, lililo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ambalo linajulikana kwa msaji, mti ambao mafundi wengi huuita mtiki. Msaji una mafuta ya asili yanayoukinga na maji na wadudu, na hutanuka na kusinyaa kidogo kuliko mbao nyingi, sifa ambazo ni kama zilichaguliwa kwa ajili ya pwani. Waundaji wa meli wameutumia kwa karne nyingi kwa sababu hizo hizo. Nyumba za Ulaya na Asia hulipa fedha nyingi kwa meza ya msaji, na sisi tunaoishi kilomita chache kutoka unakoota tunasafiri kwenda kununua meza ya nyuzi za gundi yenye picha ya msaji juu yake. Jambo hili linanichoma. Mtu anayenunua msaji aangalie tu kwamba ubao ni wa kiini, wenye rangi ya kahawia iliyoiva. Sehemu ya nje iliyo nyeupe haina ule ukinzani na huliwa na bungua kama mbao nyingine yoyote.

Ndivyo ilivyo pia kwa mazulia. Katika duka moja la mapambo jijini nilikuta zulia la katani la rangi ya asili, lililowekwa katikati ya sebule ya maonyesho kama kilele cha usasa, lililoingizwa kutoka nje. Mkonge, mmea unaotoa katani, uliletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, miche yake ikitoka Florida, na ni 62 tu iliyosalia hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hiyo ndipo mashamba yakaenea, mpaka mwaka 1964 nchi ikazalisha zaidi ya tani 230,000, kabla ya kamba za nailoni na plastiki kuyaporomosha. Katani haihifadhi joto, haikusanyi vumbi kama zulia la manyoya, na huvumilia miguu yenye mchanga wa pwani. Adui yake ni maji, ambayo huiachia madoa. Kwa sebule na chumba cha kusomea ningeichagua kuliko zulia lolote la plastiki, na ningefurahi sana kuona vijana wa Korogwe na Muheza wakifundishwa kuifuma katika mitindo inayouzwa leo, badala ya nyuzi kuondoka zikiwa mafungu.

Baada ya kununua hubaki kusafirisha, na kutoka Dar es Salaam hadi Tanga kwa kupitia Chalinze na Segera ni kama kilomita 350. Usipakie kochi jipya juu ya basi. Watu wawili au watatu wakishirikiana kukodi lori la Fuso, gharama inavumilika, na mzigo unapangwa kwa heshima: vitu vizito chini, blanketi kuukuu kati ya kitu na kitu, maboksi kwenye pembe, na turubai juu hata kama mbingu ni nyeupe. Dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, dukani, na kwa fundi dai karatasi ya makubaliano yenye sahihi. Kabla hujaondoka, omba vitu ambavyo muuzaji hukupa kwa urahisi ukiwa mbele yake lakini huvipati tena ukishafika nyumbani: mita mbili za ziada za kitambaa hicho hicho, bawaba mbili, reli moja ya mtoto wa meza, boliti za akiba na kopo dogo la vanishi ya rangi ileile. Hivyo vyote mimi huviweka kwenye mfuko mmoja chini ya ngazi, pamoja na vipimo vyake.

Kochi la Keko limefika salama na viti vinne vya kusukwa viko barazani. Kilichobaki ni kabati la vitabu, ambalo sikulinunua Dar es Salaam. Nilichukua vipimo vyake kwenye duka la Msasani, kina cha sentimita 30 na nafasi ya sentimita 32 kati ya rafu na rafu, nikampelekea fundi wangu wa Ngamiani, na tumekubaliana alitengeneze kwa msaji wa Longuza, rafu zake zikishikwa kwa vigingi vinavyochomoka. Mbao zimekwisha kupangwa karakanani kwake, vijiti vikiwa kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, na ataanza kuzikata masika yakiisha.